Kazi ya kila baada ya muda inapogoma: kutafuta kosa kwenye nyuzi za programu ya mezani

Programu yako ina dirisha, vitufe na jedwali. Nyuma ya pazia kuna kazi ndogo inayojirudia: kuhifadhi nakala kila dakika 10, kuiuliza seva kila sekunde 30 kama kuna ujumbe mpya, au kukagua kama folda imeongezewa faili. Kazi yenyewe ni mistari michache. Siku unapoipa uzi wake, yaani mkondo wa pili wa utekelezaji ndani ya programu ileile, ndipo vituko vinapoanza. Dirisha linaganda. Au kazi inafanyika mara moja kisha kimya. Au mtumiaji anafunga programu, lakini ukitazama orodha ya programu zinazoendeshwa, bado imo.

Kabla ya kubadilisha chochote, ongeza mstari mmoja mwanzoni mwa kazi hiyo, unaoandika saa na jina la uzi kwenye faili la kumbukumbu. Kwenye Python jina hilo linapatikana kwa `threading.current_thread().name`, na kwenye Java kwa `Thread.currentThread().getName()`. Kwenye C#, andika namba inayotolewa na `Environment.CurrentManagedThreadId`. Kisha weka mstari wa pili mwishoni mwa kazi. Mistari hiyo miwili inakuambia kama kazi inaanza, kama inafika mwisho, na nani anayeifanya. Usianze kubahatisha kabla ya kuisoma. Nimewahi kumwona mtu akihama maktaba nzima ya madirisha kwa tatizo ambalo lingeonekana kwenye mstari wa kwanza.

Dirisha linaganda kila kazi inapofika zamu yake

Programu yenye dirisha huendeshwa na uzi mmoja, ambao hapa nauita uzi mkuu (kwenye Swing ya Java ni uzi wa matukio, si `main`), na uzi huo una kitanzi cha matukio. Unachukua tukio moja kutoka kwenye foleni, liwe mbofyo, herufi iliyobonyezwa au ombi la kuchora upya, unalimaliza, kisha unachukua linalofuata. Tukio moja likichukua sekunde nne, mengine yote yanasubiri sekunde nne. Kwenye Windows, dirisha lisilopokea ujumbe wake kwa sekunde 5 huhesabiwa na mfumo kuwa limekwama, na mtumiaji huoneshwa kuwa programu haiitikii.

Kwa hiyo dirisha likiganda, kumbukumbu yako karibu kila mara itaonesha kuwa kazi inatekelezwa na uzi mkuu, ingawa wewe uliamini umeihamisha. Sababu ninayokutana nayo mara nyingi zaidi ni mabano mawili:

```python
threading.Thread(target=pakua()).start()   # kosa
threading.Thread(target=pakua).start()     # sahihi
```

Mstari wa kwanza unaiita `pakua` papo hapo, ndani ya uzi mkuu, kisha unaupa uzi mpya kile ilichorudisha, ambacho kwa kawaida ni `None`. Uzi mpya unaanza, haupati la kufanya, unaisha. Kwenye Java kosa linalofanana na hili ni kuita `run()` badala ya `start()`. Msimbo unakubalika, kazi inafanyika, ila hakuna uzi mpya uliozaliwa.

Sababu ya pili ni kuchanganya taima. Taima za maktaba za madirisha, kama `after` ya Tkinter, `javax.swing.Timer`, `QTimer` iliyoundwa kwenye uzi mkuu na `System.Windows.Forms.Timer`, hazitekelezi kazi yako kwenye uzi mwingine. Zinaweka tukio kwenye foleni ileile ya uzi mkuu. Zinafaa sana kwa kazi nyepesi kama kusogeza saa kwenye kona ya dirisha, na kwa kazi hiyo ningezichagua kuliko nyuzi. Ukizipa kazi ya kusoma mtandao, dirisha litaganda kwa muda wote ambao mtandao unasuasua.

Wanaotumia Qt, maktaba nyingine ya madirisha, wana mtego wao. Wanarithi `QThread`, wanaandika kazi ndani ya kipokezi (funksheni inayoitwa tukio linapotokea) cha darasa hilo jipya, wanakiunganisha na taima, na dirisha linaganda vilevile. Kisa ni kwamba kitu cha `QThread` chenyewe kinaishi kwenye uzi uliokiunda, yaani uzi mkuu, hivyo vipokezi vyake vinatekelezwa huko. Weka kazi kwenye `QObject` ya pembeni, uihamishe kwa `moveToThread`, na taima uianzishe ikiwa tayari iko huko.

Sasa, ikiwa kumbukumbu inaonesha kabisa kwamba kazi iko kwenye uzi wa pembeni lakini dirisha bado linasuasua, angalia mambo mawili. La kwanza ni kufuli (lock), inayoruhusu uzi mmoja tu kugusa data fulani kwa wakati mmoja. Huenda uzi wa pembeni umeshika kufuli kwa muda wote wa upakuaji, na uzi mkuu unaihitaji ili kusoma orodha moja tu. Shika kufuli kwa muda wa kunakili data, si kwa muda wa kuitafuta. La pili ni la Python pekee: katika Python ya kawaida, uzi mmoja tu ndio hutekeleza msimbo wa Python kwa wakati mmoja, na zamu huombwa kila milisekunde 5. Kazi ya kusubiri mtandao haina shida, kwa kuwa uzi unaosubiri huachia zamu. Kazi ya kukokotoa mfululizo ndiyo inayobanana na dirisha, na hiyo ihamishie kwenye mchakato mwingine kwa `multiprocessing`.

Ukishindwa kabisa kujua uzi mkuu umekwama wapi, upige picha ukiwa umekwama. Kwenye Java, `jstack` na namba ya mchakato itakuonesha kila uzi uko mstari gani. Kwenye Python, weka `faulthandler.dump_traceback_later(5, repeat=True)` mwanzoni mwa programu, nayo itaandika hali ya nyuzi zote kila sekunde 5.

Haigandi, ila inaanguka ovyo au inachora takataka

Leo inafanya kazi, kesho inaanguka, na kwenye kompyuta ya mwenzako haianguki kabisa. Hapa uzi wa pembeni unagusa vitu vya dirisha moja kwa moja. Tkinter, Swing, Qt, Windows Forms na WPF zote zina sharti lilelile: lebo, jedwali na vitufe huguswa na uzi mkuu tu.

Namna sharti hili linavyolindwa inatofautiana, na tofauti hiyo ndiyo inayowapoteza watu. WPF hukataa papo hapo kwa kosa lililo wazi. Windows Forms, kwa mpangilio wake wa awali, hufanya ukaguzi huo programu inapoendeshwa ndani ya kitatuzi (debugger), kwa hiyo kosa unaloliona wewe ukiandika msimbo huenda mtumiaji asilione, akaona mchoro ulioharibika badala yake. Swing haikagui, inaacha tu mambo yaharibike. Tkinter hujaribu kuupeleka mwito kwenye uzi mkuu, na uzi mkuu usipokuwa kwenye kitanzi chake hukupa `RuntimeError: main thread is not in main loop`. Ujumbe huo ukiuona, usihangaike na kitanzi. Tafuta mstari wa uzi wa pembeni unaogusa dirisha.

Tiba ni kupeleka matokeo, si kwenda kuchora mwenyewe. Swing ina `SwingUtilities.invokeLater`, Windows Forms ina `BeginInvoke`, WPF ina `Dispatcher.BeginInvoke`, na Qt ina ishara, ambazo zikitumwa kutoka uzi mmoja kwenda kwa kitu kinachoishi kwenye uzi mwingine huwekwa foleni zenyewe. Kwa Tkinter, tumia `queue.Queue`: uzi wa pembeni unaweka, uzi mkuu unachungulia.

```python
def soma_foleni():
    dirisha.after(200, soma_foleni)
    while True:
        try:
            aina, matokeo = foleni.get_nowait()
        except queue.Empty:
            return
        onyesha(aina, matokeo)
```

Tazama nilipouweka mstari wa `after`: juu kabisa. Mifano mingi huuweka chini. Ukiwa chini, siku `onyesha` itakapotoa kosa, mstari huo hautafikiwa, uchunguliaji utakoma, na dirisha litaendelea kuonesha taarifa za zamani kana kwamba ni za sasa. Hilo linatuingiza kwenye dalili ninayoihofia kuliko zote.

Ilifanya kazi, kisha ikanyamaza

Dirisha likiganda, mtumiaji atakwambia siku hiyohiyo. Kazi ikinyamaza, hakuna wa kukwambia. Niliwahi kuandika programu ya kuhifadhi nakala kila dakika 10. Mtumiaji alipohitaji nakala, ya mwisho ilikuwa ya siku nyingi nyuma, ingawa programu ilikuwa wazi muda wote huo na dirisha lake lilikuwa halina kasoro. Siku moja flashi ilichomolewa katikati ya zamu, uandishi ukatoa kosa, na uzi ukafa kibudu. Mwenye data alipoteza kazi yake kwa sababu yangu, na tangu hapo hili ndilo jambo la kwanza ninalolikagua kwenye msimbo wowote wa aina hii.

Kila jukwaa lina namna yake ya kuzika kosa. Kwenye Java, `scheduleAtFixedRate` na `scheduleWithFixedDelay` husitisha zamu zote zijazo pindi zamu moja inapotoa kosa lisilodakwa. Hakuna kinachochapishwa, kosa linabaki ndani ya `ScheduledFuture` ambayo karibu hakuna anayeitazama. `java.util.Timer` ni kali zaidi: kosa la kazi moja linaua uzi wa taima, na kazi nyingine zote zilizotegemea taima hiyo zinakufa nayo. `System.Timers.Timer` ya .NET, jukwaa la C#, humeza makosa ya kipokezi cha `Elapsed` na kuendelea, hivyo zamu zinakuja lakini hazifanyi kitu.

Python huchapisha kosa la uzi kwenye mkondo wa makosa, na ndiyo maana kwenye terminali yako unaliona. Ukiiendesha kwa `pythonw.exe`, au ukiifungasha bila dirisha la terminali, `sys.stderr` ni `None` na kosa halina pa kwenda. Hapo ndipo linapozaliwa lile lalamiko la «kwangu inafanya kazi». Tangu Python 3.8 unaweza kuweka `threading.excepthook` yako inayoandika kwenye faili. Iweke, lakini usiitegemee kama tiba, maana inaitwa uzi ukiwa tayari unakufa. Tiba ni kudaka kosa ndani ya kila zamu, kuliandika pamoja na njia yake yote, kisha kuiacha zamu inayofuata ijaribu tena:

```python
simamisha = threading.Event()
foleni = queue.Queue()

def mzunguko(kipindi):
    zamu = time.monotonic()
    while not simamisha.is_set():
        try:
            foleni.put(("tayari", fanya_kazi()))
        except Exception:
            logging.exception("zamu imeshindwa")
            foleni.put(("kosa", None))
        zamu += kipindi
        sasa = time.monotonic()
        if zamu < sasa:
            zamu = sasa + kipindi
        simamisha.wait(zamu - sasa)
```

Usidake kosa ukalinyamazia. `except: pass` inageuza uzi uliokufa kuwa uzi hai usiofanya lolote, na huo ni mgumu zaidi kuugundua. Hapo juu kosa linafika kwenye foleni, na dirisha linaweza kumwonesha mtumiaji saa ya mara ya mwisho kazi ilipofanikiwa. Kwangu mimi saa hiyo ni ya lazima kwenye programu yoyote inayohifadhi kitu cha mtu. «Nakala ya mwisho: 14:20» ni maneno machache, na yangemwokoa mtumiaji niliyemtaja.

Lakini kunyamaza si lazima kuwe kifo. Ukiona kwenye kumbukumbu mstari wa kuanza bila mstari wa kumaliza, wala hakuna kosa, uzi uko hai na unasubiri kitu. Mara nyingi ni mtandao. Maktaba ya `requests` ya Python haina kikomo cha kusubiri usipoiwekea mwenyewe. Seva ikipokea muunganisho kisha ikanyamaza, uzi wako utasubiri bila mwisho. Weka `timeout` kwenye kila mwito wa mtandao, hata ule unaodhani ni wa haraka.

Zimebaki sababu mbili fupi. `threading.Timer` ya Python hupiga mara moja tu, jina lake lisikudanganye. Na `System.Threading.Timer` ya C#, ukiiweka kwenye kigezo cha ndani ya funksheni, mfumo wa kusafisha RAM (garbage collector) unaweza kuizoa wakati wowote baada ya funksheni kuisha. Itapiga dakika chache, kisha basi. Iweke kwenye sehemu ya darasa ili ishikiliwe.

Zamu zinachelewa, au zinapandana

Kitanzi kinachofanya kazi kisha kulala sekunde 60 hakipigi kila sekunde 60. Kazi ikichukua sekunde 3, kila mzunguko ni sekunde 63, na kwa siku unapata zamu 1,371 badala ya 1,440. Kwa kukagua barua hilo halina neno. Kwa kurekodi vipimo vya kila dakika, ni pengo. Mzunguko niliouonesha unahesabu zamu ijayo kutoka zamu iliyopangwa, si kutoka mwisho wa kazi, hivyo haujikusanyii ucheleweshaji. Java inakupa chaguo hili kwa majina: `scheduleAtFixedRate` inafuata ratiba, `scheduleWithFixedDelay` inapumzika muda uleule baada ya kila kazi. Ninapokuwa sina sababu ya kufuata ratiba kikamilifu, ninachagua ya pili, kwa kuwa haina deni la kulipa.

Deni ni lipi? Kompyuta ikilazwa kwa saa mbili kisha ikaamshwa, ratiba kali inaweza kutaka kulipa zamu zote zilizopita, moja baada ya nyingine bila pumziko. Ukiona kwenye kumbukumbu zamu kadhaa ndani ya sekunde moja baada ya ukimya mrefu, ndilo hilo. Mistari miwili ya `if zamu < sasa` ndiyo inayosamehe deni.

Usipime muda kwa saa ya ukutani. Saa ya kompyuta hurekebishwa na mtandao au na mtumiaji mwenyewe, na ikirudishwa nyuma saa moja, kazi yako inalala saa moja zaidi. `time.monotonic()` na `System.nanoTime()` hazirudi nyuma. Zina jambo lake moja: kwenye Linux, `time.monotonic()` haihesabu muda ambao kompyuta ilikuwa imelala. Kwa kazi inayopaswa kufanyika saa fulani ya siku, amka kila dakika na ulinganishe na saa ya ukutani.

Kwenye macOS, kama zamu zinachelewa pale tu dirisha linapofunikwa na mengine, mfumo umeipunguzia programu yako kasi ili kutunza betri. Utaratibu huo unaitwa App Nap, na upo tangu toleo la Mavericks la 2013. Mwito wa `beginActivity` wa `NSProcessInfo` unauambia mfumo kwamba kuna kazi halali inaendelea. Utumie wakati wa kazi tu, kisha uufunge.

Kupandana ni kinyume cha kuchelewa. `System.Threading.Timer` huanza zamu mpya hata kama ya zamani haijaisha, kwa nyuzi mbili tofauti. Dalili ni majina mawili ya uzi kwenye kumbukumbu, mistari ikiwa imeingiliana, na data iliyoandikwa mara mbili. Tumia `PeriodicTimer`, iliyokuja na .NET 6, ambayo husubiri uombe zamu inayofuata. Au weka alama ya «niko kazini» inayokaguliwa na kuwekwa kwa hatua moja isiyoingiliwa, kwa `Interlocked`, na zamu ikikuta alama iondoke. Kwenye Python, tatizo hili huja pale kitufe cha «Anza» kinapobonyezwa mara mbili na nyuzi mbili zikazaliwa. Kizime kitufe mara tu kinapobonyezwa.

Hifadhidata inakataa

Kwa SQLite, hifadhidata inayokaa kwenye faili moja, kupitia Python, muunganisho uliofunguliwa kwenye uzi mkuu hukataa kutumiwa na uzi mwingine. Wengi hukimbilia `check_same_thread=False`. Kosa linaondoka, lakini ulinzi nao umeondoka, na miamala ya nyuzi mbili inachanganyika. Fungua muunganisho mwingine ndani ya uzi wa pembeni. Ukianza kupata `database is locked`, fupisha miamala yako na uwashe hali ya WAL (mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni), ambamo wasomaji na mwandishi hawazuiani.

Dirisha limefungwa, programu bado ipo

Uzi wa kawaida kwenye Java, Python na C# huizuia programu kuisha mpaka wenyewe uishe. Nyuzi za `Executors.newScheduledThreadPool` ni za aina hiyo, na usipoita `shutdown()` programu itabaki hai bila dirisha. Njia ya mkato ni kuutangaza uzi kuwa wa usuli: `daemon=True`, `setDaemon(true)`, `IsBackground = true`. Programu itafunga mara moja. Itafunga pia katikati ya kuandika faili, na faili la nusu ni baya kuliko kukosa faili. Kwa kazi inayosoma tu, sina pingamizi. Kwa kazi inayoandika, omba uzi usimame na uusubiri.

Namna ya kusubiri ndiyo yenye shimo. Ukiita `join()` kwenye uzi mkuu, na wakati huohuo uzi wa pembeni umeita `invokeAndWait`, `Control.Invoke` au umegusa lebo ya Tkinter, kila mmoja anamsubiri mwenzake na hakuna atakayesogea. Subiri bila kukizuia kitanzi:

```python
def funga():
    dirisha.withdraw()
    simamisha.set()
    subiri_mwisho()

def subiri_mwisho():
    if uzi.is_alive():
        dirisha.after(100, subiri_mwisho)
    else:
        dirisha.destroy()

dirisha.protocol("WM_DELETE_WINDOW", funga)
```

Hii inafanya kazi kwa sababu mzunguko unalala kwa `simamisha.wait(...)`, si kwa `time.sleep(...)`. `sleep` ya dakika 10 haisikii mtu. `wait` huamka papo hapo alama inapowekwa. Kama uzi bado unachukua sekunde nyingi kufa, rudi kwenye kikomo cha mtandao: ukiweka `timeout` ya sekunde 10, ufungaji nao unaweza kuchelewa kwa kiasi hichohicho.

Hata ukisubiri vizuri, umeme unaweza kukatika. Kwa hiyo uzi unaohifadhi usiandike juu ya faili la zamani. Andika faili la muda kwenye folda ileile, ita `flush` na `os.fsync`, kisha `os.replace` ilibadilishe jina. Ukijaribu programu yako, iue kwa nguvu mara kadhaa katikati ya zamu, uifungue tena, na uone kama nakala ya mwisho inasomeka.